Nani ameshika kamera? Roketi, picha zake na viambishi -po, -ko na -mo

Jumamosi ya Aprili 15, 2023 nilikuwa nimeketi katika ukumbi wa shule moja ya upili, mbele ya wanafunzi wapatao sitini, sote tukikodolea macho skrini iliyoangikwa ukutani. Siku hiyo setilaiti ya Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, ilikuwa inarushwa kutoka Vandenberg, California, nchini Marekani. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, na hamu ya vijana wale ilikuwa imepanda hadi utosini. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa ameniomba nije niwafasirie kwa Kiswahili yale aliyokuwa akiyasema mtangazaji. Nilikubali bila kusita. Nilidhani kazi yenyewe ni ya kupokea neno kwa mkono huu na kulitoa kwa mkono ule.

Saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, roketi ya Falcon 9 ikanguruma na kupaa. Kule California ilikuwa karibu usiku wa manane, kwa hivyo tuliona moto mkali ukipasua giza. Mara picha ikabadilika. Hatukuwa tena tunaitazama roketi kutoka chini, bali tulikuwa huko huko juu, tukiutazama mdomo wa injini ukiwaka kwa wekundu kama jiko la makaa, na nyuma yake weusi mtupu.

Kijana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, nani ameshika kamera?"

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini swali lilikuwa la haki kabisa. Nikamjibu kwa kujiamini: "Hakuna aliyeishika, mwanangu. Kamera imo ndani ya roketi."

"Sasa kama imo ndani, mbona tunaona nje?"

Ala! Kicheko cha mara ya pili kilikuwa changu mimi. Na kabla sijajizoazoa, sauti nyingine ikatoka nyuma: "Si ni ya kutengenezwa na kompyuta tu! Hata nyota hakuna." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Setilaiti ya kwanza ya uchunguzi wa ardhi ya taifa lao ilikuwa inapaa mbele ya macho yao, na nusu ya ukumbi ilikwisha kuamua kwamba inatazama katuni. Kosa lilikuwa langu, tena lilikuwa kosa la silabi moja.

Tangu siku ile nimekuwa na deni. Makala haya ni njia yangu ya kulilipa.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo iliyoniangusha. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali ambavyo kila mtahiniwa amevikariri: -po, -ko na -mo. Wanafunzi huviandika kwenye mtihani, kisha huviacha pale pale kwenye dawati. Kwa ufupi, -po huonyesha mahali mahususi, panapojulikana na unapoweza kupanyoshea kidole. -ko huonyesha mahali pa jumla, pa mbali au pasipo mipaka dhahiri. -mo huonyesha undani, yaani kitu kimezingirwa na kingine.

Watu wa pwani, ambao vyombo ni maisha yao, hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Nahodha yupo sitahani. Shehena imo ngamani. Jamaa wanaopunga mikono ya buriani wako bandarini. Sentensi tatu, mahali patatu, na hakuna awezaye kuchanganya. Kiingereza, kwa upande wake, hutosheka na neno moja kwa chochote kilichopakiwa chomboni, kiwe kimefungwa kwenye mlingoti au kimefichwa chini ya mbao. Mtangazaji alilitumia neno hilo, nami nikalifasiri kwa -mo kama kasuku. Ilhali kamera ile haikuwamo. Ilikuwapo: ilikuwa imefungwa kwenye ubavu wa roketi, ikitazama nyuma.

Sasa nitakuonyesha, msomaji, kwamba viambishi hivi vitatu vinagawanya barabara kabisa aina tatu za kamera zinazotuletea habari za roketi, na kwamba kuna siku ambapo tofauti ya -ko na -po ilikuwa ni suala la uhai na kifo.

Kamera iliyoko

Hii ni kamera iliyoko chini, mbali na roketi. Ina lenzi ndefu kama darubini, na huelekezwa juu kuifuata roketi inavyopaa. Faida yake ni kwamba huiona roketi nzima. Udhaifu wake ni umbali. Kadiri roketi inavyopaa ndivyo inavyozidi kuwa nukta, na mawingu, joto la hewa au lenzi isiyorekebishwa vizuri huiharibu picha.

Januari 16, 2003 chombo cha Columbia kilirushwa kutoka Florida kikiwa na wanaanga saba. Sekunde 82 hivi baada ya kupaa, kipande cha povu gumu lililofunika tangi kubwa la mafuta ili kuhifadhi baridi kilibanduka na kuugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Kipande hicho hakikufika hata kilo moja. Ukikishika mkononi ungedhani ni sponji ya godoro. Lakini chombo kilikuwa kinakimbia kwa kasi kubwa mno, na povu lilipokutana nacho liligonga kwa mwendo wa takriban kilomita 800 kwa saa.

Kamera zilizoko ardhini ziliona jambo hilo, kwa namna ya mtu anayeona kwa macho yenye mtoto wa jicho. Kamera moja iliyokuwa na nafasi nzuri ilitoa picha zenye ukungu. Nyingine ilikuwa mbali mno. Wahandisi waliozitazama siku iliyofuata waliona kitu kikigonga bawa na kupasuka kuwa wingu la vumbi, lakini hawakuweza kuona pale palipogongwa palikuwa na hali gani. Wengine waliomba chombo kipigwe picha kikiwa huko juu. Wakubwa wao hawakuona haja. Februari 1, Columbia ilipokuwa inarudi, hewa yenye joto kali ilipenya kwenye tundu la bawa lile, na chombo kikasambaratika juu ya Texas. Wote saba walifariki.

Inauma zaidi ukijua kwamba miezi mitatu kabla, Oktoba 2002, chombo cha Atlantis kilikuwa kimerushwa kikiwa na kamera ndogo iliyofungwa kwenye tangi lenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza. Katika safari ile lenzi ilichafuliwa na moshi wa vijiroketi vya kutenganisha sehemu, picha ikafifia. Tangi la Columbia halikuwa na kamera kama hiyo. Kulikuwa na macho yaliyoko. Macho yaliyopo hayakuwapo.

Kamera iliyopo

Wazo la kuifunga kamera kwenye roketi ni la zamani kuliko tunavyodhani. Oktoba 24, 1946, katika jangwa la New Mexico, wanasayansi wa Marekani walifunga kamera ya filamu kwenye roketi ya V-2 iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani. Kamera ilipiga picha moja kila sekunde moja na nusu. Roketi ilifika kimo cha kilomita 105 hivi, ikageuka, ikarudi chini na kupondeka ardhini. Kamera ilivunjikavunjika, lakini mkanda wa filamu ulikuwa ndani ya kasha la chuma cha pua, nao ukapona. Ukaonyesha, kwa mara ya kwanza katika historia ya mwanadamu, dunia ikitazamwa kutoka nje ya hewa yake: mawingu chini, upeo uliopinda, na weusi juu.

Roketi ile haikwenda kuzunguka dunia. Ilipanda na kushuka tu. Kupata picha kutoka kwa roketi zinazokwenda mbali zaidi kulihitaji ujanja mwingine. Katika safari ya Apollo 4, Novemba 9, 1967, kamera za filamu zilifungwa kwenye sehemu ya pili ya roketi ya Saturn V zikitazama nyuma. Zilipokwisha kunasa tukio la sehemu mbili kuachana, zilifyatuliwa zikiwa ndani ya makasha, zikashuka kwa parachuti hadi baharini, zikatafutwa na kuokotwa. Huenda umeiona filamu hiyo bila kujua: pete kubwa inaachana na roketi taratibu, inapita kwenye miale ya injini, inawaka pembeni, kisha inaangukia samawati ya dunia. Ni miongoni mwa filamu zinazorudiwa sana duniani.

Tena aghalabu hurudiwa kwa maelezo yasiyo sahihi. Filamu nyingi zinazosimulia safari ya Apollo 11 ya Julai 1969 huichomeka picha hiyo kana kwamba ni ya siku hiyo. Si ya siku hiyo. Ni ya majaribio yaliyotangulia, ambayo hayakubeba mtu. Ninalitaja hili kwa sababu uongo mdogo wa mhariri huwa mtaji mkubwa wa mwenye shaka. Kijana wangu kule nyuma ya ukumbi akigundua kwamba picha imebandikwa jina lisilo lake, ataniambia: "Si nilikwambia?"

Baada ya msiba wa Columbia, kamera zilizopo zilipewa hadhi zilizostahili. Chombo kilichofuata kuruka, Discovery, kiliondoka Julai 26, 2005 kikiwa na kamera kwenye tangi. Takriban dakika mbili baada ya kupaa, watazamaji waliona waziwazi kipande kikubwa cha povu kikibanduka na kupeperuka. Safari hii hakikugonga chombo. Hakuna aliyehitaji kubahatisha. Palipobanduka palionekana, ukubwa ulipimwa, na safari zilizofuata zikasimamishwa kwa takriban mwaka mzima ili tangi lirekebishwe. Tofauti kati ya 2003 na 2005, kwa lugha yetu, ni tofauti kati ya kamera iliyoko na kamera iliyopo.

Kamera iliyomo

Je, ina maana -mo yangu haikuwa na kazi kabisa? La hasha. Kamera zilizomo zipo pia, ila hazionyeshi kile tulichokuwa tunakitazama.

Julai 5, 1966 Wamarekani walirusha roketi ya Saturn IB katika jaribio lililoitwa AS-203. Ndani ya tangi la haidrojeni walikuwa wameweka kamera ya televisheni. Haidrojeni hiyo ilikuwa kimiminika chenye ubaridi wa nyuzi 253 chini ya sifuri. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: kimiminika hukaaje ndani ya tangi pale ambapo uzito hauhisiki? Kama kingetawanyika ovyo kama mapovu ya sabuni, injini isingeweza kuwashwa tena, na injini isipowashwa mara ya pili hakuna safari ya Mwezini. Kamera ilionyesha kwamba msukumo mdogo tu ulitosha kukifanya kimiminika kitulie upande mmoja. Hiyo ndiyo kamera iliyomo. Haikuona dunia, haikuona nyota, iliona mafuta.

Kuelea au kuanguka?

Naomba niliguse neno jingine tunalolitumia kwa mazoea. Tunasema setilaiti "inaelea" angani. Kuelea ni jambo la mtumbwi: maji huubeba kutoka chini. Setilaiti haibebwi na chochote. Inaanguka.

Watu wengi hudhani roketi hupanda juu, juu, juu, hadi ifike mahali ambapo dunia haivuti tena. Kamera iliyopo ubavuni humsuta mwenye dhana hiyo. Itazame kwa makini mchana kukiwa kweupe. Dakika ya kwanza ardhi hurudi nyuma moja kwa moja, uwanja wa kurushia ukazidi kuwa mdogo. Baadaye picha huanza kuinama, na pwani kupita upande upande. Roketi imelala. Sehemu kubwa ya mafuta yake haitumiki kuipandisha bali kuikimbiza kwa ulalo.

Chukua jiwe ulirushe kutoka mlimani. Litaenda mbele kidogo huku likianguka. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Sasa chukulia kwamba una nguvu za ajabu na hakuna hewa ya kulipunguza mwendo. Itafika kasi ambapo jiwe linaanguka, naam, lakini dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, inajipinda na kulikwepa. Jiwe litaanguka milele bila kufika chini. Kasi hiyo karibu na dunia ni takriban kilomita 7.8 kwa sekunde. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa dakika moja. Mzunguko mmoja wa dunia huchukua dakika 90 hivi. Na uvutano haujaisha huko: kwenye kimo cha kilomita 400, nguvu ya dunia bado ni karibu asilimia 90 ya hii tunayoihisi hapa.

Njia hiyo ya kuzunguka wapo wanaoiita obiti, wapo wanaoiita mzingo. Mimi naegemea mzingo, kwa kuwa mzizi wake u hai vinywani mwetu: kuzinga, kuzingira, mazingira. Lakini siendi mahakamani kwa ajili yake. Ninalosisitiza ni kitenzi. Mtoto akiambiwa setilaiti inaelea, atauliza inaelea juu ya nini, na hatutakuwa na jibu. Akiambiwa inaanguka bila kufika, atashangaa, kisha ataelewa. Na injini inapozimwa, akiona vipande vya barafu vikitangatanga polepole pembeni mwa roketi, atajua kwamba vipande hivyo na roketi vinaanguka pamoja.

Picha hufikaje?

Siku hizi hakuna anayesubiri parachuti baharini. Kamera hubadilisha picha kuwa data, antena iliyopo kwenye roketi huituma, na sahani ya mawasiliano iliyoko ardhini huipokea. Sharti ni moja: sahani na roketi zionane bila kizuizi. Dunia ikiwa mviringo, roketi huzama nyuma ya upeo kama jahazi linavyozama machoni pa aliye ufukweni, ikabidi kituo kingine mbele kiipokee. Ndiyo maana picha hukatika ghafla na kurejea. Si fundi aliyebadilisha mkanda.

Na hapa ndipo Kenya inapoingia, si kama mtazamaji. Kwenye ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini na kurushia roketi kuanzia 1967 hadi 1988. Desemba 12, 1970 iliondoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni. Kwa kuwa ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru. Neno la Kiswahili liliingia kwenye mzingo kabla wengi wetu hatujajifunza kuliandika.

Jukwaa lilinyamaza, lakini kituo cha Malindi hakikulala. Roketi za Ulaya zinaporushwa kutoka Guiana ya Ufaransa kuelekea mashariki, hupokezanwa na vituo kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti: kutoka Amerika ya Kusini, kisha kisiwa cha Ascension, kisha Libreville, hatimaye Malindi. Desemba 25, 2021, saa tisa na dakika 20 alasiri kwa saa zetu, wengi wetu tukiwa tumezungukia sinia za pilau, roketi ya Ariane 5 iliondoka huko ikiwa na darubini ya James Webb. Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoifuata.

Dakika 27 hivi baadaye, darubini iliachana na roketi. Kamera iliyopo kwenye sehemu ya juu ya roketi iliitazama ikienda. Darubini ilionekana inang'aa, ikisogea mbele polepole, na pembeni mwa picha palionekana dunia: bahari, mawingu na nchi za upande wetu huu, kwenye pembe ya Afrika. Kisha bawa la sola likakunjuka na kuwaka kwa mwanga wa jua. Darubini hiyo sasa ipo umbali wa kilomita milioni 1.5, na hakuna kamera iliyopangwa kwenda kuipiga picha tena kutoka karibu hivyo.

Mwenye shaka ana haki zake

Nirudi kwa vijana wangu. Mwenye kuuliza si mkaidi. Anastahili jibu.

Mbona nyota hazionekani? Kwa sababu kamera hufungua jicho lake kwa muda mfupi sana ili isiunguzwe na mwanga wa injini au wa dunia iliyoangaziwa na jua. Nyota ni hafifu, haziwahi kuingia. Jaribu mwenyewe usiku: simama chini ya taa kali ya barabarani, piga picha ya mbingu kwa simu, kisha utafute nyota.

Mbona dunia wakati mwingine inaonekana imepinda kupita kiasi, na wakati mwingine imenyooka? Kwa sababu ya lenzi pana. Lenzi hiyo hulazimika kusokota kingo za picha ili iweze kuona eneo kubwa. Ukitaka kuutathmini mpindo wa dunia kwa haki, ngoja mstari wa upeo upite katikati ya picha, ambapo usokotaji ni mdogo kabisa. Anayekwambia dunia ni duara kwa ushahidi wa ukingo wa lenzi amekupa hitimisho sahihi kwa ushahidi mbovu, na siku ukigundua ubovu huo hutamwamini tena.

Je, kuna wakati picha hukatwa makusudi? Ndiyo. Machi 30, 2018 kampuni ya SpaceX ilikatiza picha za moja kwa moja za roketi iliyobeba setilaiti za Iridium dakika tisa hivi baada ya kupaa. Sababu haikuwa siri ya viumbe wa ajabu. Sheria ya Marekani inataka anayepiga picha za dunia kutoka kwenye mzingo awe na leseni, na maafisa walikuwa wameamua kwamba hata kamera ya roketi inahesabika. Ni urasimu, aina ile ile tunayoijua kwenye foleni za hapa kwetu.

Na wapo wanaouliza: kama ni ya kweli, mbona isionyeshe aibu? Basi waitazame safari ya Starship ya Juni 6, 2024. Chombo kilipokuwa kinarudi kuelekea Bahari ya Hindi, bawa lake moja lilianza kuungua mbele ya kamera. Vipande viliruka na kuipiga lenzi, ikachafuka na kupasuka. Picha hazikukatwa. Data ilikuwa inatumwa juu, kwa setilaiti, badala ya chini ambako hewa iliyochemka ingeizuia. Mamilioni ya watu walilitazama bawa likiteketea na bado likifanya kazi hadi chombo kilipogusa maji. Anayetengeneza katuni ili kujisifu hatengenezi hivyo.

Kulipa deni

Muhula uliofuata nilirudi shuleni pale. Niliandika ubaoni sentensi tatu:

Kamera iliyoko ardhini huiona roketi ikienda.

Kamera iliyopo ubavuni huiona dunia ikibaki.

Kamera iliyomo tangini huyaona mafuta yakitulia.

Kisha nikamwomba msamaha yule kijana aliyeuliza swali la kwanza, mbele ya wenzake, kwa kumwambia "imo" nilipopaswa kusema "ipo". Aliona haya kidogo. Halafu akainua mkono tena, maana wenye maswali hawatibiki.

"Mwalimu, na hiyo Taifa-1 yenyewe si ina kamera ya kupiga picha mashamba? Hiyo tuseme ipo au imo?"

Nikakaa kimya. Kamera ya Taifa-1 imezingirwa na kasha la setilaiti, lakini lenzi yake inatazama nje, kwetu. Nilikuwa natafuta jibu la kisomi wakati msichana mmoja wa mbele aliponiokoa.

"Imo, Mwalimu. Imo ndani, lakini inachungulia dirishani."

Sina la kuongeza kwenye sarufi hiyo. Wale watakaosema ni picha ya kompyuta, waanze kwanza kwa kuniambia kamera ipo, iko au imo wapi. Tukikubaliana hapo, mengine tutayatazama pamoja.